Gauni la Chumba cha Tatu

Watu walikuwa wamejaa chumba cha tatu cha makumbusho utadhani kuna kitu kinagawiwa bure. Fundi alijipenyeza kwa viwiko mpaka mbele, sketi yake ya bluu aliyoishona mwenyewe ikivutwa huku na huku. Akasimama mbele ya gauni la hariri la mwimbaji wa zamani, akalitazama, akaguna. Miaka kumi na minne anashona magauni ya maharusi, jicho lake halidanganyiki. Mishono ya kukazia kifua haikuwapo mbele; ilikuwa mgongoni, upande wa ukutani. Gauni limevishwa nyuma mbele.

Angenyamaza, yangeisha. Lakini Fundi na kunyamaza ni paka na panya. Alikwenda kwenye kitabu cha wageni pale mlangoni, akaandika kwa herufi kubwa: "Gauni la chumba cha tatu liko nyuma mbele. Aliyelivisha hajawahi kumtazama mwanamke vizuri." Akageuka huku anacheka peke yake, akagongana na mwanamume aliyebeba mkono wa sanamu.

"Samahani, dada. Umeumia?"

"Mimi mikono yangu yote ninayo. Muulize huyo uliyemkata."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kazi la kijivu na glavu nyeupe za pamba, shati limenyooshwa vizuri. Kicheko chake kilimsahaulisha Fundi shangazi yake, aliyeketi kwenye benchi na viatu mkononi.

"Umeliona gauni la mwimbaji?" aliuliza mwanamume.

"Nimeliona."

"Nimelivisha mimi. Nimekaa nalo miezi mitatu."

Hapo ndipo Fundi angesema. Hakusema.

Likizo ilikuwa ya siku sita, ya kwanza tangu aanze kazi. Yeye na shangazi walikuwa wamepanga kuzunguka makumbusho na kumbi za maigizo mpaka miguu ikatae. Ya shangazi ilikataa siku ile ile, na mwenye glavu akashika nafasi. Jumanne alimpeleka kuona vinyago vya kale, Jumatano picha za rangi. Katikati ya hayo simu hazikupoa.

"Bwana Makumbusho, umekula?"

"Nikila peke yangu chakula hakishuki."

"Basi tafuna taratibu, mpenzi, nisije nikazika mtu likizoni."

Kila akikata simu, Fundi alikikumbuka kile kitabu. Alijiambia nani anasoma vitabu vya wageni.

Alhamisi mchana walikwenda kwenye mchezo wa kuigiza. Fundi alivaa gauni jekundu la mikono mifupi, akasifiwa mara moja tu, na kwa sauti ya mbali. Wakati wa mapumziko, kwenye ukumbi wa nje wenye kelele za vikombe, akamuuliza, "Una nini leo?"

"Kila Ijumaa mkurugenzi anasoma kitabu cha wageni, neno kwa neno. Na kesho ndiyo anaamua kama mkataba wangu unaendelea."

"Unaogopa nini?"

Akainama sikioni mwake. "Lile gauni nimelivisha nyuma mbele. Kifua kimeoza, hariri ikivutwa kidogo inaachana. Nilimwomba mkurugenzi tusilitoe, akasema limeshatangazwa. Nikaligeuza, upande mbovu ukaelekea ukutani. Sikumwambia. Mpaka sasa hakuna aliyegundua."

Kengele ikalia, wakarudi ndani. Fundi alimshika mkono gizani mpaka mwisho, na katika yote yaliyosemwa jukwaani hakusikia hata moja. Nje kwenye ngazi akasimama.

"Nimeandika mimi. Kwenye kitabu."

"Umeandika nini?"

Akamwambia, neno kwa neno. Mwanamume akautoa mkono wake.

"Lini?"

"Jumatatu. Kabla hatujagongana."

"Na Jumanne? Na Jumatano tulipokaa kutwa nzima?" Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Fundi zaidi. "Ungeniambia Jumanne ningekwenda kujieleza kwa utulivu. Umeniibia siku tatu."

Akashuka ngazi, akaenda zake. Fundi alipiga simu mara saba, haikupokewa.

"Hapokei," alimwambia shangazi.

"Simu haina uso, mwanangu. Peleka wako."

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa ofisini kwa mkurugenzi, mama wa makamo mwenye miwani, kitabu kikiwa wazi mezani. Fundi aliweka kidole juu ya maandishi yake.

"Huu upuuzi ni wangu. Aliyelivisha lile gauni analijua kuliko mimi. Amelinusuru. Ningekuwa mimi, ningeligeuza vilevile."

"Alikuwa hapa saa mbili, kabla sijakifungua," alisema mkurugenzi. "Ameeleza mwenyewe."

"Mnamfukuza?"

"Kazi anayo. Ila anakwenda ghalani mwaka mzima, na hapangi chumba chochote mpaka niseme. Gauni linashuka sasa hivi."

Basi maneno yake hayakuokoa kitu. Fundi alitembea hadi chumba cha tatu kilichofungwa kwa kamba, akamkuta peke yake akihangaika na hariri. Mwanamume hakumsalimu. Alimsogezea jozi nyingine, akasema, "Vaa glavu. Shika hapo chini ya kwapa. Usivute."

Wakalishusha pamoja, pole pole, pumzi zimebanwa, mpaka likalala mezani juu ya karatasi laini. Halikuchanika.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa utaacha kunipigia."

"Na jana nimeacha."

"Nimeona. Imeniuma."

Akaukunja mkono wa gauni bila kumtazama. "Basi lenu la kurudi linaondoka lini?"

"Kesho asubuhi. Jumatatu nina bibi harusi ananisubiri."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na hasira hii haiishi kwa simu. Itabidi nije niimalizie kwenu."

"Kwetu mwanamume haji peke yake na hasira zake."

Akavua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka mezani. Ndipo akamtazama. "Ndiyo maana nitakuja na baba mdogo."

Fundi aliketi pale pale sakafuni, machozi yakamtoka kwa furaha na aibu kwa pamoja.

"Mje mapema," alisema. "Mje kabla hiyo hasira haijaisha."