Mlio wa Bawaba

Mvua ya mwezi wa sita ilikuwa imewasukuma watu wa Osaka wote chini ya paa moja, paa la stesheni ya Umeda, na miavuli ilichuruzika maji juu ya viatu vya wenye nayo na wasio nayo. Mizobe Chinatsu aliegemea nguzo, akaifungua simu yake nyekundu ya kukunja atazame saa. Ikalia, kach.

"Samahani dada," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Ifunge, halafu uifungue tena."

Chinatsu akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limemganda mabegani kwa maji, tai kaikunja kaitia mfukoni. Hakuonekana mlevi wala mwizi. Kwa kuwa hakujua afanye nini na mtu kama huyo, Chinatsu akaifunga simu, akaifungua. Kach.

"Ndiyo yenyewe," kijana akasema, uso umemnawiri kama mzazi aliyesikia mwanawe akisifiwa shuleni. "Bawaba hiyo nimeitengeneza mimi. Mlio huo niliutafuta mwaka mzima."

"Wanaume wenye maneno ya kuanzia nimewaona wengi. Wa bawaba wewe ndiye wa kwanza."

Akajitaja kuwa ni Kuwata Tatsunori, fundi wa kiwanda cha simu cha huko huko Japani. Lakini macho yake yalikuwa yameshatua kwenye koti la mvua la Chinatsu, lile la nailoni linaloonyesha ndani. Chini yake alivaa fulana nyeusi yenye alama ya simu za kigeni, zile za kioo kitupu, zisizokunjwa wala kufungwa.

"Unauza za wageni, na mfukoni umebeba ya kwetu?"

"Kwani muuza samaki lazima ale samaki kila siku?"

Tatsunori akacheka mpaka watu wakamtazama. Simu za kukunja zilikuwa na kijicho kichwani; ukizikutanisha mbili uso kwa uso, kila moja huipa mwenzake jina la mwenyewe, namba na anwani ya kupelekea barua za simu. Ndivyo watu walivyojuana miaka ile. Wakazisogeza pale kwenye nguzo, zikagusana vichwa, na Chinatsu akaona aibu bila kujua kwa nini, kama vile waliogusana ni wao.

Kumbe wangekuwa majirani. Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi na Jumapili kiwanda kilimtuma Tatsunori kusaidia kuuza katika duka alilouzia Chinatsu, lile kubwa la vitu vya umeme mbele ya stesheni, na meza yake ilitazamana na ya Chinatsu. Yeye kavaa joho fupi la bluu la kiwanda, Chinatsu fulana yake nyeusi, katikati yao wateja wanapita. Mtu akikaribia meza ya Chinatsu, Tatsunori hupaza sauti kwamba simu za huku zinaonyesha televisheni, zinalipa nauli ya treni, na zikitumbukia kwenye maji ya kuoga hazifi. Chinatsu naye hujibu kwamba huku kwetu hatuogi na simu, sisi tuna adabu.

Jioni walikula vitumbua vya pweza kwenye kibanda cha pembeni ya stesheni, vikiwaunguza ulimi. Akirudi kwake, Chinatsu hukuta barua imemtangulia: "Umefika, kipenzi? Ile nguo ya kijani uvae tena Jumapili, imeniharibia mauzo." Barua ishirini kwa siku, nyingine zina picha ya kitumbua tu, basi.

Ila foleni ya Chinatsu ilirefuka kila wiki, na ya Tatsunori ikawa fupi, mwishowe wakawa wazee wawili watatu wanaokuja kuuliza choo kiko wapi. Hilo hawakulizungumza. Walilikwepa kama watu wanaokwepa dimbwi barabarani, kila mmoja upande wake.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, bosi wa Chinatsu alimwita pembeni. Alimwambia haifai kuuza simu hizi huku mfukoni ukibeba zile. Wateja wanaona, wanacheka. Ijumaa ile jioni Chinatsu akahamia simu ya kioo. Namba yake ilibaki ile ile, lakini kuhama kampuni ya simu kulikuwa kunamaanisha anwani ya barua inakufa, unapewa nyingine. Alipanga amwambie Tatsunori kwa mdomo Jumamosi ile, ana kwa ana, ili amwone usoni.

Jumamosi ile meza ya mbele ilikuwa tupu. Joho la bluu halikuwepo, hata bango lilikuwa limebanduliwa, limeacha alama za gundi. Wa dukani walisema kiwanda kimeacha kutuma watu.

Chinatsu akamwandikia akiwa stoo, amesimama kati ya maboksi. "Nimehamia simu mpya, usinune. Anwani yangu ndiyo hii. Mbona hukuja?" Haikupita dakika, barua ikarudi. Chini yake palikuwa na maneno ya mashine: Mpokeaji huyu hajulikani.

Akasoma mara tatu. Akatuma tena. Hajulikani.

Basi, huko kwao mtu akitaka kukuacha hafanyi ugomvi. Hubadilisha anwani, asikwambie. Na asipokwambia ameshakwambia. Kumpigia simu mtu kama huyo ni kugonga mlango wa nyumba ambayo umeona taa ikizimwa kwa ajili yako. Chinatsu alijua hivyo. Lakini halikumwingia akilini. Ijumaa aliniita kipenzi, Jumamosi hajulikani? Au alijua kiwanda kinawaondoa, akanificha? Au kuna mtu aliyemwonyesha simu yangu mpya, akaona nimemsaliti? Mara amkasirikie, mara ajilaumu, mara akumbuke kitumbua acheke, kisha ashangae kwa nini anacheka. Siku moja alibonyeza namba yake, akakata kabla haijalia. Majuma sita yakaenda hivyo.

Mwezi wa tatu, wakati nusu ya mji imevaa barakoa kwa sababu ya vumbi la maua ya mierezi linalopigisha chafya, alikuja bibi mmoja mwenye kofia ya sufu, akaiweka simu ya kioo mezani kwa Chinatsu kama anayerudisha samaki aliyeoza.

"Hii simu yenu imenigombanisha na binti yangu," akasema. "Kila nikimwandikia inanijibu hajulikani. Nimemzaa mwenyewe, vipi hajulikani?"

Chinatsu alicheka kidogo, akaanza maelezo aliyokuwa ameshawapa watu ishirini au zaidi. "Hajakukataa, mama. Simu ya binti yako ni ya kukunja, sivyo? Wengi wanazifunga zisipokee barua za kutoka nje, kwa sababu ya matangazo machafu. Sasa wewe umehama, kwake umekuwa mtu wa nje. Simu yake inakufukuza mlangoni, na yeye mwenyewe hana habari..."

Akaitua kalamu mezani, akaikumbuka barua yake ya stoo.

"Endelea basi," bibi akasema. "Nifanye nini?"

"Mpigie," Chinatsu akasema polepole. "Mpigie tu, mama."

Mganga hajigangi. Watu ishirini kawatibu yeye, na kidonda chake kakifunika kwa kiganja. Alimsaidia bibi yule hadi mwisho, akaomba ruhusa, akaenda kwenye ngazi za wafanyakazi. Na kama si hivyo? Kama kweli alinikataa? Akapiga hivyo hivyo.

"Haloo," ikasema sauti yenye mafua.

"Simu yako umeifunga barua za nje?"

Kisha chafya. "Chinatsu?"

"Jibu kwanza."

"Sijui. Mdogo wangu ndiye aliyeipanga, nilikuwa napata matangazo ya ajabu. Mimi najua bawaba tu." Akavuta pumzi. "Nimekuandikia mara nne. Zote zimerudi, eti hujulikani. Nikasema, haya, kahamia kwenye foleni ndefu."

"Mpumbavu wewe."

"Na wewe je?"

"Na mimi."

Kesho yake mchana walikutana kibandani. Chinatsu alivaa ile nguo ya kijani. Tatsunori alikuwa na barakoa, amekonda, na sahani ya vitumbua ilipoa mbele yake kabla hajaigusa. Akaeleza kwamba simu za kukunja zinakoma kutengenezwa mwisho wa mwezi huo, na yeye anahamishiwa Tottori, mkoa wa mbali na Osaka, kutengeneza bawaba za vifuniko vya masufuria ya umeme ya wali.

"Simu hazikunjwi tena," akasema, "lakini wali watu watakula." Akajaribu kutabasamu. "Twende wote, Chinatsu. Kama mke wangu. Najua nakutoa kwenye foleni ndefu nakupeleka kwenye masufuria. Sijui hata naomba kitu gani."

Chinatsu naye hakujua. Jana alikuwa mtu asiyejulikana, leo anaombwa kuwa mke, na pweza ametoa kichwa kwenye kitumbua anamtazama. Alifikiria Tottori ambako hajawahi kufika, na duka lake, na zile wiki sita. Aliona tu kwamba wiki sita nyingine kama zile hataziweza.

"Nipe simu yako nikuandikie anwani yangu," akasema. "Hii yangu haina jicho."

Tatsunori akampa. Chinatsu aliandika muda mrefu, vidole vimesahau vitufe, kisha akairudisha. Tatsunori akaitazama. Anwani ilikuwepo, mpya, bila kosa. Na juu yake, mahali pa jina, ambapo kwao jina la ukoo hutangulia, na mke huchukua la mumewe, hakuandika Mizobe. Aliandika Kuwata Chinatsu.

Tatsunori akaisoma, akaisoma tena. Akaifunga simu taratibu kwa mikono miwili, ikalia, kach, na Chinatsu akasogeza sahani ya vitumbua katikati.