Saa Mia za Hedifoni Nyekundu

Kila asubuhi, kabla hata ya kufunga kamba za viatu, Sikio alivaa hedifoni zake nyekundu. Alizivaa njia nzima na kuzivua alipofika kwenye geti la shule, maana mwalimu wa zamu hakuwa na utani na vitu vya kichwani. Jioni alizivaa tena mpaka nyumbani. Watu walisema msichana yule anazipenda hedifoni zake kuliko ndugu zake. Ukweli ni kwamba alizichukia.

Jina la Sikio alipewa na wenzake wa darasa la sita, na alilistahili. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na Sikio aliweza kukaa chumba cha pili akasema, "Mama, cherehani ya dirishani inataka mafuta," na kweli ikakutwa imekauka. Shuleni, wakati wa mapumziko, wapenda muziki watano sita walikutana chini ya ngazi kubishana kuhusu spika na hedifoni: zipi zina besi safi, zipi zinakwaruza. Ubishi ukipamba moto, mmoja alisema, "Tumuulize Sikio." Alilolisema Sikio ndilo lililokuwa hukumu.

Likizo nzima alishona vifungo vya mashati kwa mama yake ili anunue hedifoni zile. Mjomba wake, fundi redio mwenye kibanda mtaa wa pili, alimwonya mapema. "Usinunue kwa macho, mpwa wangu. Nisubiri Jumatatu, twende tukazisikilize."

Jumatatu ilikuwa mbali mno. Ijumaa Sikio alikwenda dukani peke yake. Boksi lilikuwa linang'aa, lina picha ya mtu aliyefumba macho kwa raha. Muuzaji alimwambia halifunguliwi mpaka lilipiwe. Nyuma yake ukutani palikuwa na karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Sikio aliisoma yote, kisha akalipa.

Nyumbani aliweka wimbo anaoujua neno kwa neno. Besi ilivuma ikafunika kila kitu. Mwimbaji alisikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, na gitaa halikuwepo kabisa. Juu ya hayo, hedifoni zilibana masikio mpaka yakauma. Alijaribu nyimbo kumi, zote zikawa vilevile. Yeye, Sikio mzima, alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Alilia kidogo, akanawa uso.

Jumatatu wenzake walikuwa wanamngoja chini ya ngazi.

"Haya, Sikio, tupe habari!"

Angeweza kusema ukweli palepale, wakacheka, yakaisha. Lakini alizitazama nyuso zile zinazomwamini, akaona aibu, na mdomo ukamtangulia.

"Ni moto! Hata pumzi ya mwimbaji unaisikia."

"Hebu nijaribu," akasema Vidole. Huyu alikuwa rafiki yake mkubwa, chanda na pete, na aliitwa Vidole kwa sababu ya kupiga kinanda.

"Bado!" Sikio alizikumbatia hedifoni kifuani. "Hizi ni mbichi. Lazima zivaliwe na mtu mmoja kwa saa mia, ndipo zikomae. Kikiingia kichwa kingine, sauti inaharibika."

Wapenda muziki nao wana imani zao, na hii ya kukomaza hedifoni walikwisha kuisikia mahali. Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima kabisa. Hapo ndipo Sikio alipojifungia mlango na kuutupa ufunguo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye aliyaoga kila siku. Ilimbidi azivae, kwa sababu kila asubuhi wenzake walimuuliza, "Zimefika saa ngapi?" Akizivua barabarani ili apumzishe masikio, kwenye kona hutokea mtu wa darasani, naye huzirudisha haraka kichwani na kutingisha kichwa kana kwamba anafurahia. Muziki, kitu alichokipenda kuliko vyote, sasa ulikuwa adhabu. Kibandani kwa mjomba hakupita tena. Alizunguka njia ya nyuma, yenye matope, asije akaambiwa, "Lete nizisikilize."

Hata hivyo mjomba alimfuma siku moja kwenye karakana ya mama yake, Sikio akiwasimulia wateja uzuri wa hedifoni zake. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Mbona hizo unazitembeza sana?"

Wateja walicheka. Sikio naye alicheka, kisha akainamia vifungo vyake.

Ijumaa ya wiki ya pili, wakitoka shuleni, Vidole alimshika mkono. "Nimeamua. Nauza kinanda. Kesho saa nne mwalimu wa chekechea anakuja kukichukua, halafu nakimbia dukani kununua kama zako."

Sikio alisimama. "Kinanda chako? Ulichojifundishia?"

"Sina kingine. Muuzaji amesema zimebaki mbili tu."

"Si usubiri? Labda bei itashuka."

"Wewe unazivaa, mimi nisubiri?" Vidole alicheka. "Umesema hata pumzi inasikika. Mimi nakuamini wewe kuliko tangazo la redio."

Kinanda kile Vidole alijifunza mwenyewe kwa miaka mitatu, bila mwalimu, akirudia wimbo mmoja mpaka majirani wakaujua. Sikio alitaka kusema. Alifungua mdomo, akawaona akilini wote wakimcheka chini ya ngazi, akaufunga. "Haya, kesho," akasema, akaenda zake na besi ikivuma masikioni.

Jumamosi alikaa kwenye karakana ya mama akishona vifungo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Akisema, jina lake limekwisha. Asiposema, Vidole atabaki bila kinanda na bila muziki, na siku hiyohiyo atajua kwamba Sikio alijua. Alishona kifungo kimoja upande usio wake, akakikata, akakishona tena palepale.

"Una nini leo?" mama akauliza.

"Mama, naomba ruhusa nifike kwa akina Vidole. Nikichelewa itakuwa vibaya sana."

"Nenda basi, mwanangu. Mashati hayana miguu."

Alikimbia. Sebuleni kwa akina Vidole alimkuta mwalimu wa chekechea ameweka mkoba magotini. Kando yake, mbele ya kinanda kilichofunguliwa, alikuwa mjomba mwenyewe na bisibisi mkononi! Mwalimu alikuwa amemwomba aje kukikagua kabla hajanunua.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mjomba." Pumzi zilimpaa. "Vidole, usiuze."

"Kwa nini?"

Sikio alimnyooshea hedifoni. "Vaa."

"Na saa mia?"

"Vaa tu."

Kwenye simu Sikio alikuwa na rekodi ya Vidole akipiga wimbo wake ule wa majirani. Akaiweka. Vidole alisikiliza, akakunja uso, akazibonyeza hedifoni kwa viganja, akasikiliza tena. Kisha akazivua.

"Mkono wangu wa kulia uko wapi?"

"Umefunikwa na besi. Nyimbo zote ziko hivyo. Nimejua tangu siku ya kwanza."

"Na ile saa mia?"

"Uongo. Zimefika thelathini na moja, na zote nimezichukia."

Vidole hakucheka. "Ningeuza kinanda changu, Sikio. Na wewe ungeniangalia?"

"Jana nilikuangalia. Leo nimeshindwa. Nisamehe."

Mwalimu wa chekechea alishusha pumzi, akachukua mkoba. "Naona hakuna biashara hapa. Na mimi nimeacha nguo kwenye povu!" Aliaga, akaondoka.

Mjomba alizijaribu hedifoni, akazigeuzageuza. "Kubana naweza kupunguza. Hii besi siwezi, ndivyo zilivyotengenezwa." Akamtazama Sikio. "Kuuziwa kitu kibovu si dhambi, mpwa wangu. Hata mimi nimewahi, na kazi yangu ni hii. Hasara ile ilikuwa yako peke yako, na ingeisha siku ileile. Lakini ulipozisifia ukijua, uligeuka muuzaji, na wa kwanza kumuuzia alikuwa rafiki yako. Anayekuamini, mwambie ukweli hata kama unakuaibisha. Jumatatu zipeleke shuleni, kila mmoja azivae."

"Watanicheka, mjomba."

"Watakucheka. Kisha watajua kwamba unachosema ni kweli."

Alikifunga kinanda, akamwambia Vidole akijaribu. Vidole alikaa, akampa Sikio mgongo, akapiga wimbo wake taratibu. Sikio alisimama mlangoni bila kitu masikioni. Alisikia mkono wa kushoto, akasikia na wa kulia. Ghafla Vidole alisita kwenye kibonyezo kimoja, akakigonga mara mbili.

"Hiki kinalia vipi?" aliuliza bila kugeuka. "Sema kweli."

"Kinakwaruza," Sikio akajibu.

"Ndiyo," Vidole akasema. "Na mimi nakisikia hivyo."

Mjomba akachukua tena bisibisi yake.