Nguzo ya Sebuleni

Rafiki yangu Kimbao, seremala, ni mtu wa mizaha, ila hili hulisimulia bila kucheka.

Aliitwa na mjane mmoja akaikague nyumba yake ya mbao iliyopigwa na radi. Mumewe alikuwa ameegemea nguzo ya sebuleni radi iliposhuka, na hakuinuka tena. Nyaya zote zilikuwa zimeungua, madirisha yamezibwa kwa mabati, ndani giza mchana kweupe.

Kimbao akaanza kugonga nguzo moja moja kwa nyundo, akisikiliza. Mti mzima hulia ko. Uliopasuka ndani hulia kama debe bovu.

"Hiyo usiigonge, fundi," mjane akasema alipoifikia ile ya sebuleni. "Hujibu."

"Mama, mbao zingekuwa zinajibu, mimi ningeshatukanwa zamani."

Akagonga mara mbili. Debe bovu. Kisha ukutani pakagongwa mara mbili.

"Panya hao," akasema, akabandua mbao za ukuta. Hapakuwa na panya. Misumari ilikuwa imetemwa nje, na nguzo imepasuka toka juu mpaka chini, moyo wake mkaa mtupu.

"Hii imekwisha, mama. Na nyumba nayo sidhani kama itapona."

Akaweka egemeo la kushikilia dari, akaikata nguzo, akaiburuta hadi uani. Aliporudi, alimkuta mjane amesimama mbele ya lile pengo, mkono ameunyoosha. Mjane akagonga hewa kwa kidole.

Ko, ko. Ilikuwa sauti ya mti mzima, usio na ufa.

Mjane akangoja. Na pale penye pengo, pasipo na kitu, pakajibu.