Nilikwenda Kutembea Kasaji, Mama Akiniita

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka ishirini na mmoja, na kwetu ni Ujiji. Wanaoniona nikishona barazani hudhani kimya changu ni maringo. Si maringo... Ni kidonda. Leo nakifunua, huenda kikamfaa mwenzangu aliye ugenini.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama alitulea mimi na dada yangu Mwajuma kwa kuuza mawese. Nilipokua, akanipeleka Kongo kwa Wabelgiji, katika mji wa Kolwezi, nikajifunze cherehani kwa Mama Zaituni. Huyu alikuwa mke wa Tata Ramazani, mtu wa Kasongo mwenye kamyo, yaani lori la kubeba mizigo, ambaye zamani alifanya biashara na marehemu baba. Kule mwanamume mzima huitwa tata, kwa heshima.

Walinipokea kama mtoto aliyepotea akapatikana! Mama Zaituni hakujaliwa kuzaa, na mawifi zake hawakumwacha asahau hilo hata siku moja. Alinifundisha kukata nguo kwa subira, na nilipoharibu kitambaa alicheka tu. Nami nikampenda. Kwa nini nisimpende?

Lakini Jumapili, dimanche kama waitavyo kule, ndizo zilizoniteka. Wiki nzima tulishona. Ikifika Jumapili, Tata Ramazani huosha vumbi jekundu kwenye kamyo, tukapanda, twende tukatembee. Mara Musonoi kutazama mpira, mara Kapata kwa rafiki zake Wakasai, mara ukingoni mwa Lualaba, tukale bukari, ule ugali wao, kwa samaki wa kukaanga. Mama Zaituni alinishonea nguo za kitambaa kimoja na zake. Kila tuliyekutana naye alimwambia, "Uyu ni mutoto yangu. Angalia, tunafanana!"

Hatukufanana hata kidogo. Lakini uso wake uling'aa, nami nikatabasamu tu. Polepole nikaanza kungoja Jumapili kuliko nilivyongoja habari za nyumbani...

Basi, wiki moja Tata Ramazani alisafiri na kamyo kwenda Elisabethville. Mama Zaituni akaniambia, "Tujitayarishe. Kesho dimanche tunapanda treni, tunaenda ndoa Kasaji." Nilirukaruka kwa furaha! Nikapiga pasi gauni langu jipya, nikasuka nywele.

Siku ya pili stesheni ilijaa watu. Treni ya kwenda upande wa Albertville, ndiyo njia ya kwetu, ilikuwa imesimama pale pale, abiria wakipandisha mizigo. Mama Zaituni alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikauma. Nilidhani anaogopa nisipotelee katika msongamano. Treni ile ikaondoka. Yetu ikaja, tukapanda, tukaelekea magharibi.

Kasaji nilicheza, wasomaji wangu! Nilicheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Bibi harusi mwenyewe alinifunga kitambaa kiunoni. Mama Zaituni alikaa kando akinitazama, machozi yakimtoka. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ni furaha.

Tuliporudi Kolwezi, nilikwenda sokoni kununua uzi. Nikakutana na Mzee Issa, mtu wa Ujiji aliyekuwa akileta dagaa kule. Aliponiona alishtuka.

"Binti! Bado uko hapa?"

"Niende wapi, mzee?"

Akaweka gunia chini. "Mama yako ni mgonjwa sana. Amekuita. Nilifika pale unapokaa sikukukuta, nikamweleza yule mama mwenyeji wako. Akaniahidi utapanda treni ya kesho yake!"

Sijui nilirudije nyumbani. Nilimkuta Mama Zaituni kwenye cherehani. Nikamuuliza Mzee Issa alimwambia nini. Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Nilijua ukienda hautarudia tena," akasema. "Nilitakaka dimanche moja tu, mutoto yangu... Moja tu! Nilizani ni homa, itapita."

"Na mama yangu je? Yeye hakutaka kuniona?"

Alifunika uso kwa kile kitambaa alichokuwa akishona.

Tata Ramazani alirudi safarini akanikuta nafunga mizigo. Alipoelezwa, aliketi kizingitini kama mtu aliyefiwa. "Zaituni, umenifanya nini? Nitamwangalia nani usoni kule Ujiji?" Alinipeleka stesheni mwenyewe. Mama Zaituni alitufuata mbio barabarani, ameshika kifurushi cha chakula cha njiani, akiliita jina langu. Sikugeuka...

Safari ile! Treni, kisha meli ya kuvuka ziwa, na njia nzima nilimwomba Mungu. Kutoka bandari ya Kigoma nilikwenda Ujiji kwa miguu, mzigo kichwani. Nilipokata kona ya mtaa wetu, niliona mikeka imetandikwa nje na wanawake wamekaa kimya. Mmoja aliponiona akapiga yowe.

Mama alikuwa amezikwa jana yake. Jana! Kama ningepanda treni ile ya kwanza, ningemkuta. Ningemshika mkono. Kaburi lilikuwa bado bichi, nami nikalilalia mpaka nguo zikawa udongo mtupu.

Dada Mwajuma ndiye aliyemuuguza. Aliniambia kwamba kila mlango ulipolia mama aliuliza, "Ni yeye?" Siku ya mwisho Mwajuma alikasirika, akasema mimi ni mtoto asiye na shukrani. Mama akamkataza. Alisema, "Msimlaumu. Pengine huko amepata watu wanaompenda."

Mama Zaituni huniletea salamu kwa kila mchuuzi wa dagaa anayerudi. Anaomba radhi. Sijampelekea jibu. Nikitaka kumchukia, namkumbuka akicheka kitambaa kilichoharibika. Nikitaka kumsamehe, naiona ile mikeka. Nifanyeje, wenzangu?

Enyi mnaolea watoto wa wenzenu, nawasihi: habari ya kwao ni mali yao. Msiwafiche, hata kama inawauma, hata kama mnawapenda kuliko roho zenu! Nanyi mlio ugenini, matembezi ni matamu, lakini mtafuteni kila anayetoka kwenu, mkamuulize kwa vinywa vyenu wenyewe: mama hajambo?

Mimi nilimngoja mtu aje aniambie. Na mama alikuwa sahihi... Walinipenda. Walinipenda sana.