Safari ya Hija Niliyomnunulia Mama kwa Matapeli

Nina miaka arobaini na sita, ni mjane, na binti zangu wawili wameshaolewa. Nimezaliwa Kariakoo, nimekulia Kariakoo, na duka langu la khanga liko Kariakoo hiyo hiyo. Babu zetu walitoka Arabuni, lakini ukiniuliza kwetu ni wapi nitakuonyesha mtaa. Ninawaandikia wasomaji wenzangu kwa aibu kubwa, maana mimi si mtu wa kuibiwa kirahisi... au ndivyo nilivyojiona!

Dukani nina sifa mbaya. Mzigo ukiletwa naupapasa, naunusa, nalowesha pindo nione kama rangi inachuja. Madalali wananiita Bi Kizaazaa, na jina lenyewe silichukii.

Mtu wa namna hiyo alilizwa vipi?

Mama yangu ana miaka sabini na minne. Baba alipofariki alitulea, mimi na kaka yangu Nassor, kwa kupika visheti na kushona kofia. Hakuwahi kututaka kitu ila kimoja tu, aione Maka. Kila mwaka mahujaji wakiondoka alikaa mbele ya televisheni akilia kimya kimya. Mwaka jana tukakubaliana, mimi na Nassor, kwamba safari hii anakwenda. Kaka akatoa akiba yake yote. Mimi nikauza bangili zangu za arusi.

Mjomba wetu alikwenda Hija kupitia taasisi moja inayoheshimika sana hapa mjini. Sitaitaja, haina kosa lolote. Nikaitafuta mtandaoni kwa simu, nikakuta tovuti yenye nembo yao, picha za Al-Kaaba na picha za mahujaji wakiwa kwenye semina. Nikajaza jina la mama na anwani yangu ya barua pepe. Muda si mrefu nikajibiwa. Salamu ndefu, dua ndani yake, kisha habari kwamba nafasi zimebaki chache mno na zinafungwa siku ile ile kabla ya Alasiri.

Ofisi za taasisi ile ziko Upanga. Kutoka dukani kwangu ni kuita bajaji tu! Kwa nini sikwenda?

Kwetu kuna adabu moja tuliyolelewa nayo. Pesa ya Hija haipatanwi bei. Unaitoa kwa moyo mweupe, wala humkazii macho anayekupeleka kwenye nyumba ya Mungu, usije ukaitia nia yako doa. Matapeli wale waliijua adabu hiyo kuliko wanavyojua majina ya mama zao.

Nilipotaka kulipa kwa simu, jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, si la taasisi. Nikasita. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye barua pepe yao, akapokea mtu aliyejiita katibu wa taasisi, nikamuuliza. Akasema kwa upole kama mtu aliyeumizwa, "Mama, unampeleka mzazi wako Hija, au unanunua mzigo wa Kariakoo?"

Nikaona haya, nikamwomba msamaha... mimi! Nikatuma.

Baada ya hapo hawakuacha. Leo pesa ya chanjo, kesho ya hema la Mina. Nililipa zote na wala sikunung'unika. Mwisho wakaniletea viza kwenye barua pepe, ina picha ya mama kabisa, ile niliyowatumia pamoja na nakala ya pasipoti. Tiketi, walisema, iko kwa kiongozi wa msafara, tutakabidhiwa uwanja wa ndege.

Mama akaanza kuaga. Anayekwenda Hija huomba radhi kwa kila aliyeishi naye, na mama hakuruka mtu. Alivuka Magogoni hadi Kigamboni kwa wifi yake, ambaye kwa miaka mingi hawakupeana naye hata salamu kwa sababu ya nyumba ya urithi. Walikumbatiana wakalia mpaka nikatoka nje.

Nyumbani tukasoma dua. Majirani walijaa, na kila mmoja alimwachia mama ombi lake. Huyu ana mtoto mgonjwa, yule mume kapotelea ughaibuni. Rukia wa ghorofa ya juu, miaka yote ya ndoa hajapata mtoto, alimshika mama mkono.

"Bibi, usinisahau ukifika Arafa."

"Nitaanza na wewe," mama akamwambia.

Siku ya safari tulifika uwanjani asubuhi, ukoo mzima. Msafara wa taasisi ulikuwepo kweli, wamevaa sare na vitambulisho shingoni. Kiongozi wao alitafuta jina la mama mara mbili. Kisha akaniomba simu, akaitazama ile tovuti, akanivuta pembeni.

"Dada yangu, hii si ya kwetu. Sisi tunapokea malipo benki, kwa jina la taasisi, na kila hujaji tunamuona kwa macho ofisini. Pole sana."

Mama alikuwa ametusogelea, akasikia yote. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Na watu walionituma, nitawaambia nini?" Akaanguka pale pale, mikononi mwa Nassor.

Kiharusi. Upande wa kulia umekufa na ulimi umekuwa mzito. Madaktari wamesema safari ndefu tuisahau. Polisi nimeripoti, namba ile haipatikani tena na tovuti imefutika kana kwamba haikuwahi kuwepo. Nassor anakuja kumwona mama, lakini nikiingia mimi yeye anatoka. Simlaumu.

Wasomaji wenzangu, nembo inanakiliwa, picha zinanakiliwa, hata dua inanakiliwa! Ukiletewa ujumbe kwa jina la watu unaowaamini, usipige namba iliyo ndani ya ujumbe huo. Tafuta namba kwa mtu aliyewahi kufika kwao, au nenda mwenyewe ukawaone. Jina la anayepokea pesa likiwa geni, simamisha mkono wako. Anayekuharakisha mwache aende zake. Na akikufanya uone haya kuuliza, jua hapo ndipo anapokuibia. Kuuliza si utovu wa adabu, hata kwa pesa ya Hija. Laiti ningeuliza tena bila kuona haya!

Kila asubuhi ninapomlisha mama uji ninamwomba radhi. Neno halimtoki. Siku nyingine ananibana kidole kwa mkono wake mzima, siku nyingine anageukia ukutani. Mpaka leo sijui lipi kati ya hayo ndilo jibu lake.