Ukimkuta Nje, Humjui

Foleni ya kutoa kopi chuoni ilikuwa imefika mlangoni pale kijana mrefu, mwenye shati la bluu lililopauka, alipomkanyaga binti kidole cha mguu. Akaomba radhi, akarudia, akarudia tena, mpaka yule binti, aliyejaa haya, akacheka akiziba mdomo.

"Ukiendelea kuomba radhi nitaanza kuumwa kweli."

Tangu siku hiyo simu hazikukauka. Kijana alisomea ujenzi pale chuoni, wenzake wakimwita Injinia. Binti ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa mapokezi, katika ofisi ya ushauri wa wanafunzi. Injinia akimpigia humwita Kidole, naye hujibu kwamba kidole kimepona, asiyepona ni mkanyagaji.

Kazini, mama mshauri alimpa sheria kabla hata ya kumpa kiti. Siri ya anayeingia humu hubaki humu. Ukimkuta nje, humjui, mpaka akusalimie yeye.

Siku moja mlango ukafunguliwa, akaingia Injinia. Macho mekundu, shati halijaona pasi. Alijua atamkuta binti pale, na bado akaja. Binti akamwonyesha kiti kama anavyowaonyesha wengine.

Kesho yake wakakutana kwenye ngazi za maktaba, Injinia akiwa na wenzake. Binti akaikumbuka sheria. Akaficha uso kwenye mtandio wake wa manjano, akapita huku akisubiri salamu. Haikuja. Jioni akapiga simu; ikaita mpaka ikachoka.

Siku zilizofuata aliunguza sufuria ya chai ofisini, akaiunguza tena. Mama mshauri akamuuliza kulikoni.

"Kuna mtu wangu, mama. Tulikuwa tunasalimiana kila siku. Nimemkuta nje, nikafuata sheria."

Mama mshauri alivua miwani, akajizuia kucheka, akashindwa.

"Mwanangu, sheria ile ni ya kumfunika mtu, si ya kumzika. Mtu wako wa kila siku ukimnyima salamu ghafla, ndiyo unawatangazia watu kwamba kuna jambo."

Akamwonya, hata hivyo, kwamba lililomleta mtu pale asiliulize, hata wakizeeka pamoja, mpaka mwenyewe alitaje.

Mchana ule binti akaenda kantini. Injinia alikuwa mezani na wenzake. Miguu ilimwambia arudi, hakuisikiliza.

"Hujambo, Injinia? Kidole kimekuja kukanyagwa tena."

Meza nzima ikacheka. Injinia hakucheka, ila alinyanyuka akamfuata nje.

"Ulinipita," alisema. "Nikajua umeniona mwendawazimu, sasa unaona aibu kuwa na mimi."

"Nilikosea kukupita. Zaidi ya hapo siwezi kusema kitu."

"Huulizi nilifuata nini pale?"

"Siulizi."

Mabega yakamshuka Injinia. Kisha akaeleza mwenyewe: baba aliyefariki, mitihani, usingizi uliomkimbia. Mengine akayaacha, na binti hakuyachokonoa. Alimshika mkono tu.

Injinia aliendelea kwenda kwa mama mshauri mpaka usingizi ukamrudia. Siku alipoagwa na mama mshauri, alitoka chumbani akasimama mbele ya meza ya mapokezi, shati limenyooka.

"Bado nina shida moja," alisema. "Nataka kuoa."

Binti akainamia meza kuficha tabasamu.

"Hiyo hatupokei hapa. Mpelekee baba yangu. Na huko, uanze wewe kusalimia."