Gari Lililovaa Paa la Nyumba

Wenzangu mnaoishi kando ya barabara ya Arua kwenda Vurra, hasa ninyi wenye nyumba za nyasi kama mimi, kaeni kidogo niwaambie. Jambo hili lilitokea kwa jirani yangu, na mwenyewe ameniruhusu kulisimulia. Alisema, "Andika, Mama Pasca. Lakini usimfanye bwana yangu shetani. Si shetani." Basi sitamfanya.

Desemba ya mwaka juzi tulikata nyasi pamoja, mimi na huyo jirani, Ocokoru. Kwetu kukata nyasi za kuezekea ni kazi ya wanawake. Kupanda juu na kuziezeka ni kazi ya wanaume. Tulitoka kabla jua halijawa kali, mimi na Pasca wangu mgongoni, na mtoto wake Sunday, wa miaka minne, akitufuata na fimbo ya kupiga nyoka ambaye hakuwepo. Wiki mbili tulikata. Jioni Ocokoru alipanga miganda yake wima kando ya jiko, akapitisha mkono juu yake kama mtu anayeshika nguo mpya sokoni. Nyumba yake ilikuwa imechoka. Upande wa mashariki paa lilikuwa na tundu, na Sunday aliliita dirisha la nyota.

"Baba Sunday ataezeka baada ya Krismasi," aliniambia. "Mwaka huu tutalala pakavu."

Nilimwamini, kwa sababu Drani, bwana yake, alisifiwa na kijiji kizima kwa kuezeka. Ni fundi wa magari mjini Arua. Halewi. Hapigi mtu. Ndiyo maana nawaomba msikilize vizuri, maana tumezoea kuitambua hatari kwa harufu ya pombe, na hatari nyingine hainuki kitu.

Siku tatu baada ya Krismasi lori liliingia uani kinyumenyume. Watoto wakakimbia kuliona. Juu yake palikuwa na gari la spoti, la zamani sana, milango miwili, pua ndefu, limekaa chini kama chura anayetaka kuruka. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa lilikuwa na rangi ya tofali, na ndani mlikuwa na manyoya na mayai matatu viza.

Drani aliruka kutoka kwenye lori akicheka peke yake. "Mama Sunday, hii ndiyo gari ile! Ile ya Koboko. Baba yangu aliiosha miaka sita. Miaka sita! Na tajiri hakumruhusu kukaa ndani hata siku moja. Anaosha, anafunga mlango, anaenda nyumbani na miguu. Sasa mimi nitakaa. Na Sunday atakaa."

Tuliijua habari hiyo. Tajiri mwenyewe alikimbilia Sudani wakati wa vita, akafia huko, na gari likabaki nyuma ya nyumba yake Koboko mpaka kuku wakalirithi. Mtoto wake, Kamisi, ndiye aliyelitoa.

"Na pikipiki yetu iko wapi?" Ocokoru aliuliza.

"Iko Koboko."

"Inarudi lini?"

Drani akafuta kioo cha gari kwa kiwiko. "Tumebadilishana na Kamisi. Pikipiki ni pikipiki tu. Hii, Arua yote itasimama kuangalia."

Bibi yake Drani, ambaye wote tunamwita Dede Driciru, alilizunguka gari lile taratibu na fimbo yake. "Inatembea?"

"Bado, dede."

"Basi ni banda ya kuku. Banda ya kuku tuko nayo moja."

Tulicheka. Drani naye alicheka. Lakini kuanzia siku ile, kila alipotoka gereji alipita moja kwa moja kwenye gari, akalala chini yake mpaka zilibaki kuonekana kandambili zake tu. Sunday alizisalimia kandambili hizo kila jioni.

Januari jua likawa kali. Drani akasema litamaliza rangi na mpira. Akakata miti, akasimamisha kibanda, na siku Ocokoru alipokwenda Arua kuuza simsimu, akachukua miganda ile yote kando ya jiko na kuliezekea gari. Aliezeka vizuri, nakiri. Ukingo ulinyooka kama umekatwa kwa wembe. Mimi nilikuwa uani kwangu nikimwona, na nilinyamaza, nikajiambia kwamba mambo ya nyumba ya watu si yangu. Msiniige.

Ocokoru aliporudi aliweka beseni chini. Hakupiga kelele.

"Nyasi yangu?"

"Tutakata ingine, mama. Nyasi haiishi."

Iliisha wiki ile ile. Wawinda panya walichoma pori, kama kila mwaka, na moto ukala kila kitu mpaka kilimani. Tulisimama mimi na Ocokoru na miundu yetu mkononi, tukitazama weusi mtupu. Ukitafuta mganda mmoja wa nyasi Februari, utaupata wapi?

Machi mvua ikaja. Maji yalipita kwenye dirisha la nyota, yakafuata ukuta, yakaingia kwenye mkeka wa mtoto. Ocokoru alihamisha mkeka kila pembe, na kila pembe ilikuwa na tundu lake. Gari, nje, lilikuwa kavu. Siku ya nne Sunday alianza kupumua kwa sauti kama mvukuto. Tulimbeba kwa zamu, mimi na mama yake, kwa miguu mpaka hospitali ya Kuluva. Tungekuwa na ile pikipiki, tungefika kabla chai haijapoa.

Ilikuwa nimonia. Walimtibu vizuri, Mungu awabariki. Siku ya kutoka, muuguzi alimshika Ocokoru mkono. "Mama, dawa imefanya kazi yake. Sasa alale pakavu. Kifua hiki kikilowa tena, tusije tukachelewa."

Nilitaka alale kwangu, lakini muuguzi alikuwa amekataza asilale na mtoto mchanga mpaka kikohozi kiishe. Kwa Dede Driciru kuna moto wa kuni ndani, na moshi ule ungemmaliza. Kulibaki nyumba yake mwenyewe na paa lake.

Drani alilia. Alimkumbatia mtoto kwa mikono yake ya grisi, akaapa. Ocokoru alimwambia, "Toa nyasi kwa gari, uweke kwa nyumba. Leo."

"Kesho kutwa. Kweli, naapa. Kamisi amepiga simu, amepata kabureta ya gari hii kwa sanduku ya baba yake, na mutu ingine anaitaka. Kesho naenda Koboko asubuhi, jioni narudi. Kesho kutwa nyumba."

Alhamisi asubuhi akaondoka. Saa nne wingu jeusi lilisimama upande wa Kongo.

Niliona Ocokoru anatoka ndani na ngazi ya Drani begani. Aliisimamisha kwenye kibanda cha gari, akaanza kung'oa nyasi fungu kwa fungu.

"Mama Sunday, unafanya nini?" nilimwuliza.

"Naivua gari nguo ya mtoto wangu."

Kisha akaihamisha ngazi kwenye nyumba. Hapo nilikimbia mpaka uani kwake, na wasomaji wa huku wanajua kwa nini. Kwetu mwanamke hapandi juu ya paa ilhali bwana yake yuko hai. Kupanda ni kumwambia kila mpita njia kwamba mwanamume wa nyumba hii amezikwa. Dede Driciru alitoka akipepesuka.

"Shuka! Mwanamke hapana panda nyumba, bwana yake iko hai! Unataka kuua mjukuu yangu?"

Ocokoru alikuwa tayari kwenye ngazi ya tano, kanga imefungwa kiunoni. "Dede, nyumba iko na bwana haivuji. Yangu inavuja. Niambie wewe, niko na bwana?"

Mbingu ikanguruma. Nikamfunga Pasca vizuri mgongoni, nikashika mganda wa kwanza na kuuinua. Ocokoru akauweka karibu na kilele.

"Hapo unaharibu!" Dede akapiga kelele. "Hapana anza juu! Anza chini kwa ukingo, panda polepole. La sivyo maji inaingia kati."

Tulimgeukia.

"Dede, umejuaje?"

"Nimekaa mjane miaka thelathini," alisema. "Mulifikiri nani aliezeka?"

Basi akakalia kinu, akawa msimamizi. Yeye anaelekeza, mimi nainua, Ocokoru anafunga. Mikono yake ilichanika, na kamba ilikuwa na damu. Kila baada ya muda aliinama kwenye tundu na kuita, "Sunday, uko wapi?" na sauti ndogo ikajibu kutoka chini, "Niko!"

Sasa, barabara haina siri. Ronnie, kijana wa bodaboda anayetufahamu, alipita akatuona. Alikwenda Arua mjini, akasema tu alichokiona: mke wa Drani yuko juu ya nyumba. Mengine watu waliongeza wenyewe. Drani si alikwenda Koboko? Basi amepata ajali. Saa nane alitokea mama wa kwanza, akilia tangu barabarani. Wakafuata wengine na kuni, maharage na turubai la kilio.

"Nani amekufa?" Ocokoru aliuliza kutoka juu.

"Bwana yako, maskini!"

"Nani amesema?"

"Si wewe? Uko juu ya paa!"

Ocokoru aliwatazama, kisha akanyoosha mkono. "Mganda ingine."

Hawakujua walie au wasaidie. Baadhi walisaidia huku wakilia.

Wakati huo Drani alikuwa anashuka kwenye teksi Arua, kabureta ndani ya gunia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Alimwita Ronnie, na Ronnie akarudi nyuma mpaka akajikwaa kwenye pikipiki yake.

"Hapana, kaka. Mimi hapana beba maiti."

"Maiti gani?"

"Wewe! Mama Sunday iko juu ya nyumba tangu asubuhi, watu wamepeleka kuni. Sasa kama wewe si maiti, wewe ni nini?"

Drani alisema swali hilo alilibeba njia nzima mpaka nyumbani.

Alipoingia uani, kilio kilikatika. Alitazama kibanda: miti mitupu, na gari chini yake uchi. Akatazama nyumba, imefunikwa mpaka karibu na kilele kwa nyasi zile alizoliezekea gari. Akamtazama mke wake. Tulingoja apige kelele. Shingo yake ilivimba, nami nikashika ngazi kwa mikono miwili.

Ocokoru ndiye aliyesema, na hakusema kwa sauti kubwa. "Nimefika kilele. Kilele sijui kufunga. Kama uko hai, panda. Kama umekufa, acha watu walie."

Drani aliweka gunia chini, kwenye udongo, bila kuangalia lilipoangukia. Akavua viatu. Akapanda.

Ocokoru hakushuka. Alisogea tu. Wakafunga kilele wawili, yeye akishika na bwana akikaza, na fundo la mwisho lilikutana na tone la kwanza. Mvua ilipopiga, waliokuja kuzika waliingia wote kwenye ile nyumba ndogo, na kuni zao vichwani. Tuliinua macho, tukasikiliza. Nje maji yalimwagika kama yamepasua gudulia. Ndani hakikudondoka kitu.

Sunday alikuwa amelala chali juu ya mkeka. "Baba, dirisha la nyota iko wapi?"

"Mama yako amelifunga," Drani alisema. "Mimi nimefunga fundo moja tu."

Tulipika maharage ya kilio, tukala.

Baadaye baadhi ya wazee wa ukoo walitaka Ocokoru atoe jogoo wa kusafisha mwiko alioutenda. Drani alimleta jogoo mwenyewe. "Maiti nilikuwa mimi," aliwaambia. "Acheni maiti alipe." Wazee walitazamana, wakampokea jogoo.

Gari bado lipo. Linanyeshewa. Kuku wa Dede wamegundua kiti cha nyuma, na kila asubuhi Ocokoru anaokota mayai humo, na Sunday anayala. Drani hulishughulikia Jumapili baada ya kanisa, akimaliza ya nyumbani. Mwezi uliopita liliwaka kwa mara ya kwanza. Likakohoa mara tatu, likazima. Sunday akapiga makofi: "Baba, iko na nimonia! Ilale pakavu!"

Drani alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka huu Desemba, paa la nyumba lilipokwisha kuezekwa na miganda minane ikabaki, Ocokoru mwenyewe ndiye aliyembebea mpaka kwenye kibanda cha gari.

FUNZO

Sisemi mwanamume asiwe na kitu anachokipenda. Ndoto ya Drani ilikuwa nzuri, ilitoka kwa baba yake, nami natumaini siku moja nitapanda gari lile mpaka Koboko nikiwa na Pasca magotini. Lakini ndoto haina kifua, wala haikohoi. Ikingoja mwaka mmoja, haifi. Mtoto hawezi kungoja. Kwa hiyo kabla hujakijengea kibanda kitu unachokipenda, lala kwanza chali kwenye mkeka wa mtoto wako, uangalie juu. Ukiona nyota, kazi yako iko hapo.

Nasi majirani, tukiona nyasi zinakwenda pasipo pake, tuseme siku ile ile. Mimi nilinyamaza Januari, na Machi nilimbeba mtoto wa watu hadi Kuluva.

Na ukimwona mwanamke juu ya paa, usimuulize alithubutu vipi kupanda. Mshikie ngazi kwanza.